Tiketi na Bei ya Jioni

Naandika kwenye kaunta buku. Nilianza mwaka aliofariki baba watoto, maana nilikuwa nasahau mambo, na mpaka leo naandika mistari miwili mitatu kila siku: mvua, bei ya vitunguu, nani anaumwa, nani kajifungua. Elimu yangu ni darasa la saba. Sasa nimetaka kuandika jambo refu kidogo, la tiketi ya ndege, na nimefungua kaunta buku ya wakati ule ili nisije nikajipendelea. Haijanisaidia sana. Jumatatu ya kwanza, ambayo ndiyo siku yenyewe, nimeandika hivi: "Mikumi. Vumbi. Tiketi mbili na laki moja na arobaini. Tusubiri." Hapo nikafunga.

Tiketi ilikuwa ya kwenda Uswidi kwa dada yangu.

Dada alinitangulia kuzaliwa kwa miaka saba. Baba yetu alitoka nyanda za juu kuja kukata mkonge Rudewa, akaoa, tukazaliwa kwenye nyumba za kambi, zile za mstari mrefu, kila familia chumba kimoja. Ndani ya chumba tulisema lugha ya baba. Ukivuka kizingiti ni Kiswahili. Mama alipofariki mimi nilikuwa sijaanza shule. Aliyenisuka nywele, aliyenichapa, na aliyenificha nisichapwe na baba, ni dada. Baadaye akapata kazi Kilosa mjini ya kulea watoto wa mzungu mmoja wa visima. Mkataba wa visima ulipoisha wakaondoka naye kwenda kwao Uswidi, na huko akaolewa na fundi bomba. Miaka yote hiyo alikuja nyumbani mara nne. Shemeji alikuja naye mara mbili, mtu mrefu, mpole, Kiswahili chake wakati ule cha kununulia ndizi: bei gani, asante, nzuri sana.

Halafu dada akapatikana na uvimbe ndani ya kichwa. Walimpasua, ukarudi. Shemeji akatuma barua ya mwaliko, nami nikahangaikia paspoti na viza, safari tatu za Dar kwa treni ya umeme, alama za vidole, picha, maswali. Kumbe wakati mimi nahangaika na makaratasi, dada naye zinamtoka lugha. Kilianza kutoka Kiswidi. Siku moja aliamka hakijui, akawa anamjibu mumewe kwa Kiswahili. Baada ya wiki chache Kiswahili nacho kikaenda. Ikabaki lugha ya chumbani kwa baba. Wanaoijua ni wengi kule kwao baba, nisiseme hawapo, lakini nyumbani kwa dada hakuna hata mmoja, na katika watoto wa baba nimebaki mimi. Kaka yetu ni marehemu, na watoto wetu hatukuwafundisha.

Jumamosi moja, viza imeshatoka, shemeji akapiga kwenye kitochi changu.

"Shemeji," akasema. "Yeye anasema. Sana. Mchana, usiku, anasema. Mimi sielewi. Anataka kitu. Daktari anasema maneno yatakwisha. Wiki mbili. Labda moja. Wewe njoo, sikia."

Tulishajaribu kwa simu ya picha, ya binti wa kaka yangu. Nilimsemesha dada kwa lugha yetu, yeye akawa anaangalia dirishani. Nafikiri sauti ya kwenye simu aliichukulia kama redio ya jirani. Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi, hata mimi nililielewa siku ileile: dada ana kitu anakiomba, wa kukisikia ni mimi, na inabidi nifike wakati bado anasema.

Shemeji alituma milioni mbili na nusu kwenye simu kabla ya jua kuzama. Akasema itakayobaki ni yangu. Hilo neno naliweka hapa mapema.

Sasa niseme kuhusu kazi yangu, maana bila hiyo mtu hataelewa nilichofanya, atadhani nilikuwa sijali. Mimi nauza vitunguu na nyanya. Alhamisi nipo gulio la Ulaya, kijiji cha hukuhuku Kilosa, siku nyingine Kisanga au hapa mjini. Nimefanya hivyo miaka ishirini na zaidi, na kitu ninachokijua kwa hakika katika dunia hii ni bei ya jioni. Asubuhi kila mtu ni tajiri, anataja bei huku anaangalia pembeni. Jua likianza kulala, yuleyule anakuita mama, anakuita dada, anakujazia kisado mpaka kinamwagika, kwa sababu hataki kurudi na mzigo. Hata magari pale stendi, dereva akishawasha na viti viko wazi, nauli inakuwa ya maelewano. Mwenye haraka ndiye anayepunguza. Na ukitaka kitu usikiangalie sana. Shika kingine kwanza, uliza bei yake, lalamika, kisha ukiwa unaondoka ndiyo uulize ulichokijia.

Jumatatu asubuhi nikapanda gari kwenda Mikumi. Binti wa kaka ana duka la steshenari kando ya barabara kuu ya malori: anachapa, anatoa kopi, anawajazia watu fomu za mtandaoni. Zamani alikuwa mapokezi kwenye kambi moja ya watalii, mambo ya ndege anayajua.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo. Ila shangazi, si ungenipigia tu nikakutafutia? Nauli yote hiyo ya nini?"

"Nimekuja kuiona."

"Kuiona tiketi?"

"Kwani wewe huwa unanunua kitu hujakiona?"

Akacheka, akanivutia kiti, akageuza kompyuta. Zilikuja safari nyingi, zimepangwa kama mafungu mezani. Nyingine milioni nne, nyingine tano. Iliyokuwa chini kabisa ni ile niliyoiandika, milioni mbili laki moja na arobaini elfu, kwenda na kurudi, kuondoka Alhamisi mchana, kupitia Addis Ababa, kufika Ijumaa.

"Hiyo ni bei ya kuanzia?" nikauliza.

"Hiyo ndiyo bei, shangazi."

"Mwambie tuna moja na laki nane."

"Nimwambie nani?"

Nikaangalia kioo. Kweli hapakuwa na mtu.

Nikauliza viti vimebaki vingapi. Akasema inaonyesha bado vipo. Mimi nikapiga hesabu yangu: viti vipo, siku zimebaki tatu, basi mwenye haraka ni yeye. Nikamwambia, "Funga hiyo. Tafuta Dubai."

"Dubai tuna nini?"

"Hatuna kitu. Nataka tu ijue hatuna shida nayo sana hiyo ya Uswidi."

Alinitazama, lakini mimi ni shangazi yake. Akatafuta Dubai. Nikamwambia atafute na China. Nikazigunia bei zote mbili kwa sauti, tukafunga kompyuta tukala chipsi.

Kuna neno moja lilisemwa hapo ambalo sina uhakika nalo. Binti anasema siku ileile aliniambia, "Shangazi, ndege siyo nyanya. Huku zikikaribia siku ndiyo inapanda." Mimi nakumbuka neno hilo alilisema Ijumaa, baada ya mambo kuharibika. Yeye ana kumbukumbu nzuri kuliko mimi, na hana tabia ya kujikosha. Kaunta buku haisemi chochote. Naandika yote mawili, lakini kama ni lazima mtu achague, amchague yeye.

Jumanne akanipigia. "Shangazi, imeshuka. Mbili na tisini na tano, ya Ijumaa."

"Umeona?"

"Nimeona. Tununue?"

"Imeanza kulegea hiyo. Iache."

Ile elfu arobaini na tano iliniponza. Ningekuwa sijaiona ikishuka, labda ningeogopa. Nasema labda. Inawezekana pia ningesubiri vilevile.

Jumatano kaunta buku inasema: "Mvua kidogo. Chumba cha nyuma kinavuja palepale. Bati." Nimeandika bati, sijaandika zaidi, lakini nakumbuka. Nilipita duka la vifaa vya ujenzi nikauliza bati za geji ishirini na nane ni shilingi ngapi, na yule muuzaji akanitajia, na nikasimama pale nikigawa kichwani. Tiketi ikiwa mbili na tisini na tano, bati ni kumi na kidogo. Ikishuka ikawa mbili kamili, ni kumi na nne, na misumari. Naapa nilikuwa nampenda dada yangu na wakati huohuo nilikuwa nahesabu bati. Sijui watu wengine huwa wanakuwaje. Mimi vyote viwili vilikaa pamoja na havikugombana.

Alhamisi nilikwenda gulio la Ulaya kama kawaida. Habari ilishafika, sijui nani aliipeleka.

"Mama Vitunguu! Tumesikia unaenda Ulaya."

"Na hapa nipo wapi?"

"Hapa ni Ulaya ya baiskeli. Tunasema ile ya baridi."

"Hata hiyo nitafika."

"Ukifika usiwapimie kwa kile kisado chako chenye matege, watakufunga!"

Wakacheka, na mimi nikacheka, kweli kisado changu kimepinda. Walinipa ushauri mwingi. Mmoja akasema ndani ya ndege usivue viatu. Mwingine, ambaye mwanawe ni mlinzi uwanja wa ndege Dar, akasema wazungu hawali ugali lakini wana viazi. Jioni alikuja yule bibi wa wafugaji wa kutoka kanda ya ziwa, ambaye kila Alhamisi husimama pembeni ya fungu langu tangu alasiri, ameegemea fimbo, hasemi, mpaka jua liwe chini. Ndipo anauliza bei. Nikampunguzia, kama kila wiki. Nilimjazia na nyongeza.

Siku hiyo mchana ndiyo ndege ya kwanza iliondoka. Sikuikumbuka.

Ijumaa sikungoja kupigiwa, nikapanda gari kwenda Mikumi. Binti hakucheka nilipoingia.

"Shikamoo shangazi. Imepanda."

"Kwa ngapi?"

"Mbili na laki sita na themanini. Ya Jumatatu."

Nikakaa. Alikuwemo dereva mmoja wa lori, mtu mzima, amekuja kuchapisha karatasi za mzigo. Akajiingiza mwenyewe, kama wanavyofanya madereva.

"Mama, hizi mashine zinatupeleleza. Ukiangalia kitu mara mbili, inajua umekipenda, inapandisha. Chukueni simu yangu. Hii hata haijui kama kuna nchi inaitwa Uswidi."

Binti akasema siyo kweli, bei inapanda kwa sababu viti vya bei ya chini vimekwisha. Dereva akasema, "Wewe dada ni msomi, ndiyo maana wanakuibia." Tukajaribu na simu yake. Ikaleta mbili na laki saba na elfu kumi.

Dereva akaichukua, akaigeuza nyuma na mbele. "Hii nayo imeshajiunga nao," akasema. Akalipa karatasi zake akaondoka.

"Shangazi, tununue leo," binti akasema. "Kilichopungua nitaongeza mimi."

Nikamwambia tungoje hadi Jumapili. Kitu kikipanda kwa kuruka hushuka kwa kuruka. Nyanya zikiadimika wiki ya mvua, malori ya Iringa yakifika tu zinarudi chini. Hiyo ndiyo sababu niliyomwambia, na niliiamini. Lakini nikiandika hiyo peke yake nitakuwa nimedanganya. Bei ilikuwa imepita hela ya shemeji. Kununua siku hiyo ni kukubali kwamba bati hakuna, hata moja, na kwamba natoa na ya kwangu. Ya kwangu nilikuwa nayo. Nilikuwa nimetoka kuuza magunia ya vitunguu wiki mbili nyuma, na nilikuwa na ya kujazia bila binti kuongeza hata shilingi. Hapo ndipo aliposema, au aliporudia kusema, kwamba ndege siyo nyanya.

Jumamosi sikuuliza. Jumapili nilikwenda ibadani, nikatoka, sikuuliza. Nilikuwa nimeshaanza kuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi, unajua upo lakini ukiuminya ni kama wa mtu mwingine.

Jumatatu ya pili tulinunua. Milioni mbili laki tisa na thelathini elfu, kuondoka Ijumaa, vituo viwili njiani, kufika Jumamosi. Ilikuwa bado ndiyo ya chini kuliko zote. Binti alijaza kila kitu, akakagua jina langu na paspoti herufi kwa herufi, akalipia kwa simu, kisha akaniambia, "Bonyeza hapo wewe mwenyewe, shangazi, ni safari yako." Nikabonyeza. Ikazunguka kidogo, ikaandika imekubali. Akaichapa, akaitia kwenye bahasha ya plastiki, akakataa hela ya kuchapa. Ningependa kuandika nilichosikia moyoni. Nilisikia njaa.

Jumanne shemeji akapiga.

"Leo yeye kimya," akasema.

"Amelala?"

"Hapana. Macho wazi. Kimya."

"Tangu saa ngapi?"

"Asubuhi. Jana amesema kidogo. Leo, hapana."

Nikamwambia tiketi ninayo, Ijumaa natoka.

"Nzuri sana," akasema.

Hesabu yake ni rahisi, hata mtu wa darasa la pili ataiweza. Ningenunua ile ya Jumatatu ya kwanza, ningefika Ijumaa. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Siku nne dada angali anasema.

Watu wengi wamenipa faraja juu ya hizo siku nne. Binti anasema labda dada asingenijua. Mchungaji anasema mipango ni ya Mungu. Muuguzi wa kule, mama mmoja mwenye miwani, alisema kupitia kwa shemeji kwamba ugonjwa ule haufuati kalenda, huenda angenyamaza hata nikiwa kitandani kwake. Yote yanaweza kuwa kweli. Siwezi kuyakataa, na siwezi kuyachukua yakawa yangu.

Kuhusu ndege sina mengi. Hofu niliyoitegemea haikuja. Nilifunga mkanda, nikafungua walipofungua wengine. Kituo cha kwanza nilimfuata mwanamke mwenye kilemba kwa sababu alitembea kama mtu anayejua, kumbe alikuwa anakwenda msalani. Kituo cha pili nilikaa saa tisa kwenye kiti kimoja na bahasha yangu mapajani. Viatu sikuvua.

Shemeji alinipokea akiwa ameshika koti. Lilikuwa koti la dada, la kijivu, amelileta ili nivae. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyomtarajia, na nadhani na yeye aliniona hivyo.

Dada alikuwa kwenye kitanda cha hospitali kilichowekwa sebuleni, karibu na dirisha. Nikakaa, nikamshika mkono, nikamsalimia kwa lugha yetu, salamu ile ya mdogo kwa mkubwa. Alinitazama. Alifumba macho akafumbua. Sitaandika kwamba alinijua, kwa sababu sijui. Niliendelea kumsemesha kutwa nzima, habari za Rudewa, nani anaishi kwenye nyumba za kambi sasa, mkonge ulivyobaki. Nilikuwa sijaisema lugha ile kwa muda mrefu hivyo tangu baba afariki, na maneno mengine nililazimika kuyasubiri.

Siku ya pili, baada ya muuguzi kuondoka, shemeji akaniita jikoni. Aliweka simu yake mezani, na karatasi, na kalamu.

"Mimi nilichukua sauti yake," akasema. "Kila siku kidogo. Nilifikiri, wewe utakuja, utasikia."

Zilikuwa sauti nyingi, nyingine fupi kama kukohoa. Akabonyeza ya kwanza.

Ilikuwa sauti ya dada kabisa, ile ya kugomba. Nikasikiliza mara mbili, maana sikutaka kukosea.

"Anasema nini?" shemeji akauliza.

"Anasema chakula hakina chumvi."

Akaandika. Akabonyeza nyingine.

"Anasema miguu ina baridi."

Akaandika.

"Hii anagombeza mtoto. Anamwambia toka barabarani, trekta linakuja. Trekta la mkonge, zamani, nyumbani."

"Trekta," akasema, akaandika.

"Hii tena chumvi. Anasema mara ya ngapi nasema."

Alisimamisha kalamu. "Mimi nilifikiri anasali," akasema. "Alisema hii kila siku, kila siku, wakati wa chakula. Mimi nilifunga macho pamoja naye."

Tukaendelea. Miguu, chumvi, dirisha lifungwe, chumvi. Kulikuwa na moja ndogo, anauliza, "Yule mdogo ameshakula?"

"Mdogo, nani?" shemeji akauliza.

"Ni mimi."

Akaandika.

Zilipokwisha akaipanga ile karatasi vizuri mbele yake, halafu akaniuliza, bila ubaya wowote, nasema kwa haki kabisa, aliuliza kama mtu anayetaka kujua habari za njiani: "Tiketi. Ilikuwa ngumu kupata?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ilikuwa ngumu, huo usingekuwa uongo mkubwa. Lakini alikuwa amefunga macho na dada kila mlo akidhani anasali, na amekubali kuniambia.

"Haikuwa ngumu," nikasema. "Ilikuwepo tangu Jumatatu ya kwanza. Mimi niliisubiri ishuke bei."

Akanisikiliza.

"Nilitaka ibaki hela ya bati."

Neno bati hakulijua. Nikamwonyesha juu, dari, nikasema nyumba, mvua, nikafanya kwa vidole mvua inavyodondoka. Akatazama dari yake muda mrefu, kama vile inaweza kuwa inavuja na yeye hajawahi kuiona.

"Bei gani?" akauliza.

Nikamtajia bati moja ni shilingi ngapi. Na hiyo akaiandika, chini ya trekta na chumvi. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu alikuwa anaandika kila nilichosema siku ile. Kisha akainuka, akatoa sufuria, akawasha jiko.

Dada alifariki nikiwa kule, wiki ya pili, Jumapili kabla ya chakula cha mchana. Tulimzika hukohuko. Nilirudi kwa tarehe ileile ya tiketi, maana kuibadilisha ni hela nyingine. Chumba cha nyuma bado kinavuja. Alhamisi nipo Ulaya, na yule bibi husimama palepale na fimbo yake mpaka jua liwe chini, na ninampunguzia, kwa sababu kwa vitunguu yuko sahihi.

Siku ya jikoni kaunta buku imeandikwa zaidi ya kawaida yake, mistari minne. Nainakili kama ilivyo.

"Shemeji kapika uji wa shayiri. Nimetia chumvi mimi, kijiko kidogo cha chai. Dada kavalishwa soksi mbili mbili. Amekula vijiko vitatu, cha nne amefunga mdomo."